Programu ya duka inakufa kila siku saa 11 jioni, asubuhi nzima kabisa. Msaada wakuu

kijana_kirumba

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada, hii ni wiki ya tatu nimekwama na mwenye duka ameshaanza kunipigia simu kwa ile sauti ya mtu anayedai.

Iko hivi, nina programu ya mauzo nimeiandika kwa C# na WPF (ile ya Microsoft ya kutengenezea madirisha), .NET Framework 4.8, iko kwenye duka moja la dawa hapa Mwanza. Kompyuta ya kawaida tu, Windows 10. Wanafungua saa 2 asubuhi, inauza, inatoa risiti, kila kitu mswano. Sasa ikigonga saa 11 jioni, saa 11 na dakika kumi hivi, ndio inaanza kuzingua. Kwanza vile vigrafu vitatu nilivyoweka juu (mauzo ya leo, faida, na dawa zinazokaribia kuisha) vinaacha kubadilika, halafu ukifungua dirisha jingine linakuja na vipande vyeusi, halafu kinatoka kiboksi kimeandikwa "A generic error occurred in GDI+" na programu inajifunga. Na saa 11 ndio watu wametoka kazini, foleni imefika nje. Dada wa kaunta anaiwasha upya inakuwa nzima kama haijawahi kuumwa mpaka wanafunga saa 3 usiku.

Nilichofanya: niliwaza ni RAM, tukatoa GB 4 tukaweka 8, hela ya mwenye duka hiyo, saa 11 ikafa vilevile. Nikawaza database inazidiwa na wateja wa jioni, nikaweka indeksi, nikahamisha rekodi za zamani, wapi. Nikabadili draiva ya kadi ya picha. Wapi. Task Manager inaonyesha inakula MB 300 na kitu, CPU imelala usingizi. Na kwenye leptopu yangu nyumbani haijawahi kufa hata mara moja, hiyo ndio inanimaliza.

Bibi yangu alikuwa anatukataza kukaa nje saa za magharibi, nimeanza kumwelewa.

mzee_wa_kufomati

Mkuu hiyo Windows imechoka, piga upya weka na antivairasi nzuri. Duka la jamaa yangu lilikuwa hivihivi tukapiga Windows mpya ikapona.

kijana_kirumba

Kupiga upya tulishapiga mzee, wiki ya kwanza kabisa. Siku ileile tumemaliza kupiga, saa 11 ikaondoka.

Bi_Pointa

Mdogo wangu acha kwanza kununua vitu na kufomati, tuongee na hiyo programu yenyewe.

Nina maswali mawili na kazi moja. Swali la kwanza, siku ambayo umeme ulikatika mchana kompyuta ikazimika ikawashwa tena, ilikufa saa ngapi? Swali la pili, Jumapili wanafungua saa ngapi wanafunga saa ngapi na imeshawahi kufa Jumapili? Kazi yenyewe ni hiki kiboksi. Naona umekamata erro halafu ukaonyesha ex.Message peke yake, ndio maana unapata kasentensi kamoja kasikokuambia chochote. Badilisha andika ex.ToString() kwenye faili la logi, hiyo inakuja na msururu wote wa funksheni zilizoitana mpaka ikaanguka, tunataka ule mstari wa juu kabisa. Kama ungekuwa hujaikamata erro kabisa, Event Viewer ya Windows ingekuandikia yenyewe, pale Windows Logs kwenye Application, unatafuta .NET Runtime namba 1026, lakini wewe umeshaimeza hapo kati kwa hiyo Windows haijui kama kuna mtu kafa.

kijana_kirumba

Dah. Ngoja nimpigie dada wa kaunta.

Nimerudi. Dada, sijui umejuaje. Anasema Jumanne umeme ulikatika saa 7 mchana ukarudi saa 8, siku hiyo haikufa kabisa mpaka wanafunga, na yeye alikuwa ameona ila hakuona sababu ya kuniambia. Jumapili wanafungua saa 4 wanafunga saa 10, haijawahi kufa Jumapili hata moja.

Logi nimebadili kwa AnyDesk (ile ya kuingia kompyuta ya mtu ukiwa mbali), jioni nitakuwa na majibu.

(saa 11:14 jioni) Imekufa kwa wakati. Mstari wa juu ni System.Drawing.Bitmap.GetHbitmap, chini yake ni funksheni yangu inayochora vigrafu.

Bi_Pointa

Basi saa ya ukutani tuisahau. Programu yako haijui saa 11 ni nini, inajua imekaa macho masaa tisa. Washa saa 2 asubuhi, inakufa saa 11. Washa saa 8 mchana baada ya umeme kurudi, ilitakiwa ife saa 5 usiku, ila saa 3 walishafunga ikaokoka. Jumapili inaishi masaa sita tu, haifiki. Leptopu yako wewe unaifungua programu unajaribu kitu dakika kumi unafunga, hata mwaka usingeona.

Kwa hiyo kuna ndoo inajaa polepole, na sio RAM maana RAM umeiangalia. Windows ina ndoo nyingine ambazo watu wengi hatuziangalii. GDI ni ile sehemu ya Windows inayoshughulika na kuchora, na kila bitimapu, kalamu, brashi, fonti au region unayomwomba akutengenezee anakupa hendo, yaani namba ya kukitambua hicho kitu, na ukimaliza unatakiwa umrudishie. Usiporudisha kinahesabika bado unacho. Programu moja inaruhusiwa kuwa navyo 10,000, ukifika hapo ombi la 10,001 linakataliwa hata kama una GB 64 za RAM. Vile vipande vyeusi unavyoona ndio hivyo, dirisha linaomba kitu cha kuchorea linanyimwa.

Sasa usiniamini, hakiki. Task Manager, kichupo cha Details, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu, Select columns, weka tiki GDI objects, na ukiwa hapohapo weka na User objects na Handles maana hazina gharama. Mwambie dada akutajie namba ya GDI wakati anafungua, na tena baada ya saa moja.

Msee_wa_Nyali

Sasa boss. Kuongezea hapo kwa dada, kuna katool kanaitwa GDIView ka NirSoft, hako kanakuvunjia hesabu kwa aina, bitimapu ngapi, fonti ngapi, brashi ngapi. Task Manager itakuambia ndoo inajaa, hako kanakuambia inajaa nini. Hakataki hata kuinstoliwa, unafungua tu.

Ukiwa mvivu hata wa hiyo, programu yenyewe inaweza kujihesabu, kuna funksheni ya Windows inaitwa GetGuiResources iko user32.dll, ukiipa 0 inakupa GDI, ukiipa 1 inakupa USER. Mimi naiandika kwenye logi kila dakika tano kwa kila programu ninayopelekea mteja, inanisaidia sana kwa mteja ambaye hapokei simu.

kijana_kirumba

Namba hizi hapa wakuu. Saa 2 kamili asubuhi programu imefunguka tu: GDI 94. Saa 3 kamili: 1,174. Nilimwambia dada wa kaunta auze kwa daftari hiyo saa moja asiguse programu kabisa, akanicheka lakini akafanya. Kwa hiyo hizo zimeongezeka yenyewe imekaa tu. GDIView inaonyesha zinazopanda ni Bitmap peke yake, vingine vyote vimetulia.

Bi_Pointa

Umefanya vizuri kumzuia asiguse, maana sasa hesabu ni safi. 1,174 toa 94 ni 1,080 kwa saa. Gawa kwa 60 ni 18 kwa dakika. 18 kwa dakika ni 3 kila sekunde 10.

Una taima ya sekunde 10?

kijana_kirumba

Ninayo 😳 Ndio inachora vile vigrafu upya. Na vigrafu ni vitatu.

Bi_Pointa

Na 9,906 zilizobaki mpaka ifike 10,000, gawa kwa 1,080, unapata masaa 9 na dakika 10. Saa 2 ongeza 9 na dakika 10.

Lete kodi ya kuchora tuione. Kodi ya programu, sio ile ya TRA.

kijana_kirumba

Hii hapa, nimeikata sehemu ya kusoma mauzo:

```
using (var bmp = new Bitmap(120, 40))
{
    ChoraMistari(bmp, mauzo);
    grafu1.Source = Imaging.CreateBitmapSourceFromHBitmap(
        bmp.GetHbitmap(), IntPtr.Zero,
        Int32Rect.Empty, BitmapSizeOptions.FromEmptyOptions());
}
```

Lakini dada mbona nimeweka using, si inaita Dispose, ile ya kuachia kitu ukimaliza, yenyewe ikitoka hapo? Ndio maana sikuwahi kuishuku hii sehemu.

collect_boy

Weka GC.Collect() mwisho wa taima inasafisha kila kitu, mi ndo nafanyaga hivyo siku zote

Msee_wa_Nyali

@collect_boy hapana bro, hiyo haitamsaidia. GC ni mfagizi wa ndani ya boma la .NET, anafagia objekti za .NET. Ile GetHbitmap inarudisha IntPtr, na IntPtr kwa macho ya GC ni namba tu kama 7 au 42, hajui kwamba nyuma ya hiyo namba kuna bitimapu imekaa upande wa Windows. Utamwita mara elfu atafagia uani kwake arudi akae. Na ukimwita kila sekunde kumi utaanza kuona programu inakwamakwama, alafu uje hapa kufungua uzi mwingine.

Hata hivyo nakuelewa mahali umetoa hiyo imani. Kuna objekti nyingi za .NET zinazoshika hendo ndani yake na zina finalizer (kodi inayoitwa objekti ikifagiliwa), kwa hizo GC akipita kweli zinaachia, kwa hivyo mtu anajaribu inafanya kazi anadhani amepata dawa ya kila ugonjwa.

Bi_Pointa

Sasa @kijana_kirumba swali lako la using ni zuri na ndio mtego wenyewe. Una bitimapu mbili hapo, sio moja. bmp ni ya .NET na hiyo using inaiua kweli. Ila bmp.GetHbitmap() haikupi ileile, inatengeneza nyingine mpya ya GDI ikakupa hendo yake, na hiyo ya pili ina maisha yake, using haiijui. Wewe umeichukua ukaipitisha moja kwa moja ndani ya mabano, hata jina hukuipa, kwa hiyo hata ungetaka kuirudisha ungeirudisha kwa jina gani? Maelezo ya Microsoft ya hiyo funksheni yanasema wazi kwamba jukumu la kuita DeleteObject ni lako, lakini ukweli nani anasoma, sote tuliiokota kwenye jibu la mtu mtandaoni ikafanya kazi tukaendelea.

Andika hivi:

```
[DllImport("gdi32.dll")]
static extern bool DeleteObject(IntPtr h);

static BitmapSource Geuza(Bitmap bmp)
{
    IntPtr h = bmp.GetHbitmap();
    try
    {
        var picha = Imaging.CreateBitmapSourceFromHBitmap(
            h, IntPtr.Zero, Int32Rect.Empty,
            BitmapSizeOptions.FromEmptyOptions());
        picha.Freeze();
        return picha;
    }
    finally
    {
        DeleteObject(h); // hii ndio ilikosekana
    }
}
```

Kwenye finally, sio chini ya mstari wa picha, maana siku CreateBitmapSource ikirusha erro utakuwa umevuja tena.

Na ukiwa hapo pekua mradi mzima utafute GetHicon pia. Nayo ni ndugu yake, inataka DestroyIcon, na yenyewe ina ujanja zaidi maana watu wanaipitisha kwenye Icon.FromHandle halafu wanaita Dispose ya Icon wakaridhika, kumbe ile Icon haiimiliki hendo kwa hiyo Dispose yake haigusi kitu. Kwa wanaoandika C++ kabisa orodha ni ndefu kidogo: DC (ule uwanja wa kuchorea wa GDI) uliyoipata kwa GetDC unairudisha kwa ReleaseDC, ulichokitengeneza kwa CreateCompatibleDC unakifuta kwa DeleteDC, na usifute kalamu au bitimapu ambayo bado imechaguliwa ndani ya DC, rudisha kwanza ile ya zamani uliyopewa na SelectObject. Nimeshaona mtu anaita DeleteObject kila mahali kwa uaminifu na bado inavuja, kwa sababu hakuwa anaangalia inarudisha nini, ilikuwa inarudisha FALSE muda wote.

tech_wa_mtaa

Si aende tu kwenye rejistri, pale Windows inapohifadhi mipangilio yake, aongeze limiti? Kuna GDIProcessHandleQuota pale HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Windows. Inapanda mpaka 65,536. Dakika mbili kazi imeisha.

Bi_Pointa

Ipo, na inafanya kazi, ila piga hesabu yake. Akiweka 20,000 atapata masaa 18 na kitu, kwa hiyo itakufa saa 8 na nusu usiku, duka limefungwa, wote mtashangilia. Mpaka siku watakapoacha kompyuta inawaka usiku kucha. Na hizo 65,536 zinagawanywa na programu zote za huyo mtumiaji aliyeingia, ukimpa mmoja azimalize utaona mpaka kitufe cha Start kinakataa kufunguka.

Hiyo quota iachie watu wenye programu kubwa za kuchora ramani na michoro ya majengo ambao kweli wanahitaji vitu vingi kwa wakati mmoja. Huyu ana vigrafu vitatu.

Msee_wa_Nyali

Na boss usingoje masaa tisa kujua kama umepona. Kwa leptopu yako weka ile taima iwe milisekunde 100 badala ya sekunde 10, kisha uache kodi ya zamani kwanza. Inafaa ife baada ya dakika tano na nusu. Ikifa, sawa, umeuzalisha ugonjwa nyumbani. Alafu weka kodi mpya na taima hiyohiyo, iache ikimbie uende ukale. Ukiruka hiyo hatua ya kwanza hutajua kama umetibu ama hukuwa mgonjwa.

juma_seva

Samahanini kudandia uzi wa mtu ila naona wataalam mko hapa. Mimi nina sevisi ya Windows (programu inayojiendesha nyuma bila dirisha) ya bekapu, inatakiwa kila usiku inakili mafaili kwenda draivu Z: ambayo ni folda ya kompyuta nyingine ofisini. Nikiiendesha kwa mkono kama programu ya kawaida inanakili vizuri. Nikiisajili kama sevisi inasema njia haipatikani. Z: ipo, naiona kwa macho yangu kwenye File Explorer! Nimeweka hadi MessageBox ya kuniambia imefika wapi, haitoki, na sevisi inaganda hapo.

Msee_wa_Nyali

Juma hiyo Z: unaiona WEWE. Draivu ya mtandao uliyoipa herufi ni ya kikao chako ulichoingia nacho, sevisi inaingia kwa kikao chake na haina Z: yoyote. Tumia njia kamili, \\jina-la-kompyuta\folda, achana na herufi.

Alafu utapata ukuta wa pili, nakuambia mapema. Sevisi yako nadhani inaendeshwa na LocalSystem, akaunti ya Windows yenyewe. Huyo hapo ndani ya kompyuta ni mkubwa wa wote, lakini akitoka kwenye mtandao anajitambulisha kwa jina la kompyuta, na kwa ofisi ndogo isiyo na domain (seva moja inayotambua akaunti za mashine zote) ile kompyuta nyingine haimjui, itamkataa. Fungua akaunti yenye jina moja na paswedi moja kwa mashine zote mbili, uipe ruhusa kwa ile folda, kisha ndani ya services.msc kichupo cha Log On uiambie sevisi itumie akaunti hiyo.

Na hiyo MessageBox imenichekesha lakini sote tumepita hapo. Toka Windows Vista sevisi zinakaa Session 0, kikao chao peke yao, zimetengwa na skrini ya mtu. Boksi lako limefunguka vizuri kabisa, limekaa huko gizani linangoja mtu abonyeze OK, na hakuna mtu. Ndio maana imeganda. Andika kwenye faili. Na hilo faili ulipe njia kamili pia, maana sevisi ikianza folda yake ya kazi ni System32, ukiandika "logi.txt" tupu utaitafuta karibu na exe yako usiipate.

juma_seva

System32!! Kumbe ndio maana. Nimeenda kuangalia nimekuta nyingine ya majaribio ya mwezi uliopita huko 😂 Ngoja nifanye hilo la akaunti.

kijana_kirumba

Wakuu ripoti. Nilifanya kama alivyosema wa Nyali, taima milisekunde 100 kodi ya zamani, nikakaa naangalia namba inapanda kama mita ya pampu ya mafuta, dakika ya tano na sekunde thelathini na kitu ikafa, kiboksi kilekile. Sijawahi kufurahi hivyo kuona programu yangu inakufa. Nikaweka kodi mpya, nikaiacha saa nzima, inacheza 94, 97, 94. Haipandi.

Nimepekua mradi nikakuta GetHbitmap nyingine mbili, moja kwenye nembo ya risiti. Hiyo ingekuwa inavuja moja kila risiti, polepole.

Sasa lingine. Zile safu mlizoniambia niziweke, ya USER objects nayo nimeiona inapanda. Sio kwa kasi, lakini asubuhi iko chini ya 100 na jioni imepita 700. Hii nayo ni bitimapu?

Bi_Pointa

Hapana, USER ni madirisha, menyu, vishale vya mausi, mambo hayo. Nayo kikomo ni 10,000 kwa programu. Kuna dirisha unalifungua mara nyingi kwa siku? Zile tahadhari ndogo za pembeni labda? Andika mahali Application.Current.Windows.Count uone inakupa ngapi.

kijana_kirumba

Inanipa 212. Na kwenye skrini kuna dirisha MOJA.

Ni zile za "dawa hii imebaki chini ya kumi". Kila ikitokea natengeneza dirisha jipya, linakaa sekunde nne, halafu naita Hide(). Nilidhani likifichwa limeondoka.

Bi_Pointa

Limeenda kukaa nyuma ya pazia na wenzake 210. Close() ndio inaliondoa. Au bora zaidi tengeneza moja tu, ulifiche na kulionyesha hilohilo ukibadilisha maandishi, hapo Hide() inakuwa sahihi.

Kwa kasi hiyo lisingekuua hata kwa wiki na wao wanazima kila usiku, usingelijua. Ila ungepeleka programu hiyohiyo kwenye hospitali inayofanya kazi masaa 24, ungepigiwa simu na hujui uanzie wapi.

juma_seva

Wakuu imekubali, mafaili yamefika upande wa pili usiku bila mtu! Akaunti moja mashine zote mbili, njia kamili. Ila sasa ripoti ya CSV inayoandikwa na sevisi inaonyesha tarehe 3/14, na nikiiendesha kwa mkono inaonyesha 14/3. Mwezi wa kumi na nne umetoka wapi tena?

Msee_wa_Nyali

Ile akaunti mpya hakuna mtu amewahi kuingia nayo akaiwekea mpangilio wa nchi, kwa hivyo inatumia ule wa mwanzo, wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Usiiache Windows ikuchagulie, andika ToString("yyyy-MM-dd", CultureInfo.InvariantCulture). Angalia na desimali za bei kama unaandika bei. Likikuletea lingine tafadhali fungua uzi wako, mwenye huu tumemsukuma mpaka kona.

kijana_kirumba

Haina shida mimi nimejifunza hapohapo.

Leo nimeshinda dukani mwenyewe. Saa 11 na dakika kumi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta kama mtu anayengoja mtihani, dada ananiangalia mimi, mimi naangalia skrini, mteja anatuangalia wote wawili. Ikapita. Saa 3 usiku wanafunga: GDI 97, USER 88.

Asanteni sana dada Pointa na kaka wa Nyali. Mwenye duka amefurahi, ila wakati tunafunga mlango ameniuliza, kwa hiyo ile RAM niliyonunua ilikuwa ya nini? Nimemwambia nitampigia kesho.